Kibaba cha Elimu: Historia ya Masomo Yanayohesabiwa Nje ya Darasa

Wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba. Methali hii hutumiwa kumhimiza mtu awe na subira, lakini ndani yake mna jambo la pili ambalo halitajwi mara nyingi. Kabla haba haijajaza kibaba, sharti kibaba chenyewe kiwepo, na sharti muuzaji na mnunuzi wawe wamekubaliana juu ya ukubwa wake. Vibaba vinne hufanya pishi moja, na mtu aendaye sokoni pasipo kipimo hana njia ya kujua kama amepunjwa. Ndivyo yalivyo mambo ya elimu. Mtu aweza kujua mengi, aliyoyapata shambani, karakanani, jeshini, au chini ya taa nyumbani kwake usiku, wala elimu yake isimfae kitu mbele ya mwajiri au mlangoni mwa chuo kikuu, kwa kuwa hapana kipimo kilichokubaliwa cha kuipimia.

Insha hii yahusu historia ya kipimo kimoja cha namna hiyo, yaani kile kinachotumika katika shule za sekondari za Marekani, na ya watu ambao kwa muda wa karibu miaka 100 wametaka masomo waliyojipatia kwa njia nyingine nayo yatiwe katika kipimo hicho. Wamarekani hukiita yuniti, na haki apewayo mwanafunzi akikijaza huiita krediti. Hapa nitatumia neno letu la kibaba kwa yote mawili. Nimeichagua nchi hiyo kwa sababu mbili. Kwanza, huko kipimo kilihesabiwa kwa saa, tena kwa uwazi, hata asili yake yaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka. Pili, tawi la habari hiyo lilifika kwetu Afrika Mashariki, kama itakavyoonekana.

Katika karne ya 19 shule za sekondari za Marekani zilikuwa za kila namna. Nyingine zilifundisha Kilatini na Kiyunani kwa miaka minne, nyingine zilifundisha kidogo kuliko shule nzuri ya msingi, na kila chuo kikuu kilikuwa na masharti yake ya kupokea wanafunzi. Mwaka 1892 chama cha walimu wa taifa kiliunda kamati ya watu 10 chini ya Charles W. Eliot, Rais wa Chuo Kikuu cha Harvard, ili kutafuta mapatano. Taarifa yake ya mwaka 1893 ilishauri kwamba kila somo lifundishwe kwa namna moja kwa wanafunzi wote, waendao chuo kikuu na wasioenda. Ushauri huo ulisomwa sana, lakini haukuwa na nguvu ya kumlazimisha mtu. Nguvu ilitoka mahali ambapo hapakutazamiwa, yaani katika mfuko wa tajiri wa chuma.

Mwaka 1905 Andrew Carnegie alitoa dola milioni 10 ili walimu wa vyuo vikuu wapate pensheni wanapozeeka. Alisikitika kuona watu waliotumia maisha yao kufundisha wakiingia katika uzee mikono mitupu. Fedha ziliwekwa chini ya Wakfu wa Carnegie wa Kuendeleza Ualimu, na Rais wake wa kwanza alikuwa Henry Pritchett, mtaalamu wa elimu ya nyota. Pritchett alikabiliwa na swali ambalo laonekana jepesi, nalo ni hili: chuo kikuu ni nini? Taasisi nyingi zilijiita hivyo, lakini baadhi yao zilikuwa shule za sekondari zilizovaa joho. Wakfu haukuweza kulipa pensheni kila mahali palipoandikwa jina hilo juu ya mlango. Basi ulitoa masharti, na mojawapo lilikuwa kwamba chuo kisimpokee mwanafunzi asiye na vibaba 14 vya masomo ya sekondari. Mwaka 1906 kibaba kilipata ukubwa wake: saa 120 za somo moja katika mwaka, yaani vipindi vinne au vitano kwa juma, kila kimoja cha dakika 40 hadi 60, kwa majuma 36 hadi 40.

Vyuo vilitaka pensheni, kwa hiyo vilikubali kibaba. Shule za sekondari zilitaka vijana wao wapokewe vyuoni, kwa hiyo nazo zilikubali kibaba. Katika miaka michache nchi nzima ilikuwa ikipima kwa chombo kimoja. Lakini hesabu ya pensheni ilikuwa kubwa kuliko mfuko, na mwaka 1918 Wakfu ulianzisha chama kipya ambamo walimu na vyuo vyao walichanga wenyewe malipo ya uzeeni. Pensheni ya bure, ambayo ndiyo iliyozaa kipimo, haikuahidiwa tena kwa walimu wapya, kipimo kilibaki. Ni ajabu, lakini si nadra katika historia, kwamba jambo lililowekwa kwa haja ya siku moja huendelea kutawala baada ya haja ile kusahauliwa.

Yafaa tuwe waadilifu kwa kipimo hiki. Si kweli kwamba kilikuwa upumbavu mtupu. Mtoto wa mkulima kutoka mji mdogo wa Nebraska aliweza kufika katika chuo cha mbali na karatasi iliyofahamika, bila ya kuhitaji barua ya mtu mkubwa wala kujulikana kwa ukoo wake. Kibaba kilikuwa na haki ya namna yake, nayo ni haki ya kutotazama uso wa mtu. Kasoro yake ni nyingine. Kilihesabu muda ambao mwanafunzi alikaa mbele ya mwalimu, wala hakikueleza alichotoka nacho. Wawili waliokaa saa zilezile 120, mmoja akisikiliza na mwenzake akisinzia, waliweza kutoka na kibaba kilekile maadam wote wawili walipata alama ya kupita. Na mtu wa tatu, aliyelijua somo lile kuliko wote wawili lakini hakukaa, hakuwa na kitu.

Watu hao wa tatu walikuwa wengi, na walikuwapo kabla ya Wakfu kuzaliwa. Posta ilikuwa shule yao. Huko Uingereza Isaac Pitman alianza kufundisha hatimkato kwa barua mwaka 1840, mwaka uleule ambao stempu ya peni moja ilirahisisha posta. Katika Boston, Anna Eliot Ticknor alianzisha mwaka 1873 jumuiya ya kuwasomesha wanawake nyumbani kwao kwa barua na vitabu vya kuazima, nayo ilidumu hadi 1897. Mwaka 1891, katika mji wa makaa wa Scranton, Thomas J. Foster alianza kuwauzia wachimbaji migodi masomo ya usalama na uhandisi kwa posta. William Rainey Harper alipofungua Chuo Kikuu cha Chicago mwaka 1892, aliweka idara ya masomo ya posta tangu mwanzo. Elimu hiyo yote ilisafiri. Lakini kwa kijana wa sekondari ilikuwa kama sarafu ya nchi ya kigeni. Aliimiliki, ila hakuweza kununua kitu nayo.

Daraja la kwanza la maana lilijengwa mwaka 1923 katika Benton Harbor, mji mdogo wa Michigan kando ya ziwa. Mkuu wa shule za mji huo, S. C. Mitchell, aliona kwamba wengi wa wanafunzi wake hawangekwenda chuo kikuu, bali wangetafuta kazi za mikono na za ofisi. Walihitaji masomo ya ufundi wa namna nyingi. Shule yake haikuwa na uwezo wa kumwajiri mwalimu kwa kila ufundi, kwani huyu alitaka umeme, yule uchoraji wa ramani za majengo, na wa tatu jambo jingine kabisa. Mitchell alinunua masomo yaliyotungwa na shule za posta, akawapa wanafunzi saa maalumu ya kuyasoma katika ratiba ya shule, akaweka mtu wa kuwasimamia. Msimamizi hakupaswa kuwa bingwa wa masomo yote. Kazi yake ilikuwa kuona kwamba kila mmoja amefika, ameelewa aliloagizwa, amelipeleka kwa wakati, na hakuachwa peke yake alipokwama. Kazi iliyokamilika ilisahihishwa na walimu wa mbali, na shule ikatoa kibaba.

Katika mpango huu hamkuwa na uvumbuzi wa chombo chochote. Barua zilikuwapo, vitabu vilikuwapo, na chumba kilikuwapo. Kilichoongezwa ni mtu. Shule za posta za biashara zilikuwa na ugonjwa uliojulikana na kila mtu: waliojiandikisha walikuwa umati, na waliomaliza walikuwa wachache mno. Mtu hulipa ada siku ya shauku, na shauku hupoa kabla ya somo la tano. Mitchell alifahamu kwamba mwanafunzi aweza kuishi bila ya mwalimu wa somo kuwa karibu, lakini ni vigumu kuishi bila ya mtu anayejua kama leo amesoma au hakusoma. Ni ufahamu mdogo, na takriban kila mpango uliofuata ulifanikiwa au ulianguka kwa kadiri ulivyoukumbuka.

Mwaka 1929 Chuo Kikuu cha Nebraska kiliuchukua mpango huo na kuupeleka katika shule ndogo za vijijini. Katika nchi ile pana ya mahindi na ng'ombe, shule ya sekondari iliweza kuwa na walimu wawili au watatu tu, kila mmoja akibeba masomo ambayo mengine hakuyasomea. Mtoto aliyetaka hisabati ya juu au lugha ya kigeni alikuwa hana budi kuhama au kuacha. Sasa chuo kikuu kilitunga masomo, kikasahihisha kazi kwa posta, na shule ya kijiji ikasimamia. Mwaka 1935, katikati ya dhiki ya uchumi na ukame, jimbo la North Dakota lilianzisha kwa sheria idara yake ya masomo ya sekondari kwa posta. Tuone jambo lililotendeka hapa. Kibaba hakikuvunjwa, kilinyoshwa. Saa 120 zilibaki katika vitabu, lakini mahali pa kuzitumia paliongezeka, na mtoto wa ranchi ya mbali akaruhusiwa kujaza kibaba chake polepole, haba na haba, kama methali isemavyo.

Wakati huohuo wengine walithubutu kuuliza kama kibaba chenyewe kilikuwa cha lazima. Chama cha Elimu ya Maendeleo kiliunda tume mwaka 1930, na kuanzia 1933 shule 30 za sekondari ziliingia katika jaribio lililokuja kuitwa Uchunguzi wa Miaka Minane. Vyuo vikuu vipatavyo 300 viliahidi kuwapokea wanafunzi wa shule hizo bila ya kudai hesabu ya kawaida ya vibaba, mradi shule ziwape sifa njema kwa maelezo ya kazi zao. Shule zikawa huru. Baadhi zilichanganya historia na fasihi, baadhi ziliwatuma vijana mijini wakachunguze maisha ya watu, na baadhi zilibadili kidogo tu. Kisha ikaja saa ya kupima. Wachunguzi walichukua wanafunzi 1,475 wa shule hizo waliofika chuo kikuu, wakamtafutia kila mmoja mwenziwe kutoka shule za kawaida, aliyelingana naye kwa umri, jinsia, kipawa na hali ya nyumbani, wakawafuata wote. Wale waliotoka bila ya vibaba vya kawaida walifanya vizuri sawa na wenzao, na kwa kiasi kidogo waliwapita, si katika alama tu bali katika udadisi na uwezo wa kujitegemea. Na waliotoka katika shule zilizothubutu zaidi walionyesha tofauti kubwa zaidi.

Wilford Aikin, aliyeongoza tume, alitoa kitabu cha matokeo hayo mwaka 1942. Bahati haikuwa upande wake. Marekani ilikuwa imeingia vitani tangu Desemba ya mwaka uliotangulia, na nchi yenye vijana wake katika manowari haikuwa na nafasi ya kujadili vipindi vya shule. Kitabu kilisomwa na wataalamu na kibaba kiliendelea na enzi yake. Hata hivyo vita hivyohivyo vilileta jambo ambalo hoja za wataalamu zilishindwa kulileta.

Maelfu ya vijana waliitwa jeshini kabla ya kumaliza sekondari. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza, shule na vyuo vingi vilikuwa vimewapa askari vibaba vya bure kwa sababu tu ya utumishi wao. Ulikuwa ukarimu, lakini ukarimu wa fedha bandia: cheti kilichotolewa kwa huruma hakikuwafaa waliokistahili, kwa kuwa hakuna aliyeweza kuwatenga na wasiokistahili. Safari hii waelimishaji walitaka njia nyingine. Mwaka 1942 jeshi lilifungua huko Madison, katika jimbo la Wisconsin, taasisi ya masomo ya posta kwa askari, ambayo ilidumu hadi 1974. Katika mwaka huohuo wa 1942 wataalamu wakiongozwa na E. F. Lindquist wa Chuo Kikuu cha Iowa walianza kutunga mitihani mitano ya kupima maarifa ya jumla ya sekondari: uandishi, mambo ya jamii, sayansi, fasihi na hisabati. Mitihani hiyo hufahamika hadi leo kwa herufi GED. Ili kujua kiwango cha kupita, ilijaribiwa kwa wanafunzi halisi wa mwaka wa mwisho wa sekondari, na askari akapimwa kwa kulinganishwa nao. Hakuulizwa alikaa wapi wala muda gani. Aliulizwa anajua nini.

Mwaka 1947 jimbo la New York liliufungulia umma njia hiyo, na majimbo mengine yakafuata. Mama aliyeacha shule ili kulea, mfungwa, mhamiaji na mfanyakazi wa kiwanda, wote walipata mlango. Ni vigumu kueleza ukubwa wa tendo hili. Kwa mara ya kwanza katika nchi ile elimu ya sekondari ilitenganishwa kwa wingi na jengo la shule.

Lakini mlango huu nao ulikuwa na kizingiti chake kisichoonekana. Mwaka 1993 Stephen Cameron na James Heckman, mwanauchumi ambaye baadaye alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2000, walitoa uchunguzi ulioonyesha kwamba sokoni, yaani katika kazi na mishahara, wenye cheti cha GED walifanana zaidi na walioacha shule kuliko na waliohitimu kwa kawaida. Wengi waliukasirikia uchunguzi huo. Heckman na wenzake waliendelea kutafuta sababu, wakafikia rai kwamba mtihani hupima maarifa lakini haupimi uvumilivu, uangalifu wa wakati, na desturi ya kumaliza jambo lililoanzwa. Hapa msomaji ataona kichekesho cha historia. Kile kibaba cha saa, tulichokidharau kwa kuhesabu kukaa, kumbe kilikuwa kikipima kitu pasipo kukusudia: kilipima kudumu. Saa zinazoonekana bure hubeba ushahidi wa tabia. Lakini tusivuke mpaka wa hoja hii. Haimaanishi kwamba aliyepita mtihani hana elimu, wala kwamba aliyeacha shule kwa ajili ya njaa au ndoa hana uvumilivu. Yamaanisha kwamba cheti chochote husema jambo moja kwa sauti kubwa na kunyamaza juu ya mengine.

Katika karne hii majimbo kadhaa yametafuta kipimo cha tatu, ambacho si saa wala mtihani mmoja, bali kazi iliyofanywa na kuonekana. Jimbo la New Hampshire lilibadili kanuni zake mwaka 2005, likazitaka shule za sekondari zitoe vibaba kwa umahiri uliothibitishwa badala ya muda wa kukaa, na ukomo wa kutimiza hayo ukawa mwaka wa masomo wa 2008 hadi 2009. Chini ya kanuni hizo, kijana aweza kupata kibaba kwa kufanya kazi chini ya fundi, kwa kujifunza muziki kwa mwalimu wa nje, kwa utumishi wa jamii, au kwa masomo ya intaneti, ilimradi mwalimu wa shule ashiriki kuweka malengo na kuthibitisha matokeo. Vermont ilipitisha sheria ya njia nyumbufu za masomo mwaka 2013. Maine ilikuwa imekwenda mbele zaidi: sheria yake ya mwaka 2012 ilitaka cheti chenyewe kitegemee umahiri. Lakini wazazi hawakuzifahamu alama mpya, shule hazikukubaliana juu ya maana ya umahiri, na mwaka 2018 jimbo likaiondoa amri hiyo, likaiacha iwe hiari. Wakfu wa Carnegie nao, katika taarifa ya mwaka 2015, ulichunguza kipimo chake wenyewe ukasema kwamba kina kasoro, ila hakuna kingine kilichokuwa tayari kushika nafasi yake. Tangu hapo umejiunga na wale wanaotafuta mrithi wake.

Sambamba na juhudi hizo njema lilizuka jambo la hatari, nalo ni masomo ya kurudia kwa kompyuta. Mwanafunzi aliyeanguka somo la mwaka mzima huketishwa mbele ya mashine, hujibu maswali ya kuchagua, na huweza kukirudisha kibaba katika siku chache. Shule inayosifiwa kwa wingi wa wahitimu hushawishika kuitumia njia hii kwa wepesi. Hapo unyumbufu hugeuka kuwa njia ya shule kujiokoa yenyewe, na kijana huachiwa karatasi isiyo na kitu nyuma yake.

Sasa na turejee kwetu. Kabla ya shule za kikoloni, mwambao wa Afrika Mashariki ulikuwa na desturi yake ya kuthibitisha elimu. Katika chuo cha Kurani mtoto hakupandishwa kwa kuwa mwaka umekwisha. Alipanda kutoka juzuu moja hadi nyingine kwa kadiri alivyosoma, na alipohitimu juzuu zote 30 ilifanywa sherehe ya hitima. Mwanachuoni wa Lamu au Unguja aliyetaka elimu ya juu alisoma kitabu maalumu mbele ya sheikh maalumu, na sheikh aliporidhika alimpa ijaza, yaani ruhusa ya kukifundisha kitabu kile. Ijaza ilikuwa na jina la mwalimu, na jina la mwalimu wa mwalimu, hadi nyuma. Haikuhesabu saa. Dhamana yake ilikuwa heshima ya mtu aliyeitoa, ambaye angeaibika akimpa asiyestahili. Fundi wa majahazi naye hakutoa karatasi; alitoa ruhusa ya kushika tezo peke yako. Basi wazo la kibaba kisicho na darasa si geni kwetu. Kigeni ni umbo lake la kiserikali.

Wakati wa ukoloni makarani na walimu wengi wa nchi zetu walijisomea usiku kwa vyuo vya posta vya Uingereza, kama Wolsey Hall cha Oxford kilichoanzishwa mwaka 1894, wakifanya mitihani iliyotungwa London au Cambridge. Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimefungua digrii zake tangu 1858 kwa watu wasiohudhuria masomo yake, na mlango huo ulipitwa na watu wa makoloni kwa vizazi kadhaa. Baada ya uhuru kazi hiyo ilianza kufanywa na nchi zenyewe. Mwaka 1967 Kitengo cha Masomo ya Posta kilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichokuwa wakati ule sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kwa msaada wa Serikali ya Marekani na wataalamu wa Chuo Kikuu cha Wisconsin. Hili ndilo tawi nililolitaja mwanzoni: jimbo lililofundisha askari kwa posta wakati wa vita lilikuja kusaidia kuwafundisha walimu wa Kenya. Walimu wa shule za msingi waliokuwa na cheti cha chini walisoma kwa vijitabu na vipindi vya redio huku wakiendelea kufundisha, kisha wakafanya mtihani wa sekondari ya chini ambao ulikuwa ufunguo wa daraja la juu zaidi na mshahara wake. Mwalimu hakuondolewa darasani ili asome. Wala watoto wake hawakukosa mwalimu.

Tanzania iliufanya mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970 Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ikaanzisha masomo ya posta. Hadi leo mtu asiyepitia sekondari ya kawaida ana njia yake: hufanya Mtihani wa Maarifa chini ya Baraza la Mitihani, na akifaulu hupata haki ya kujiandikisha katika Mtihani wa Kidato cha Nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Cheti cha Kidato cha Nne ni cha mtihani uleule mmoja. Ni jambo la kujivunia, na lina maana kubwa kuliko ionekanavyo.

Lakini njia hii nayo ina swali lake. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa katika shule ya serikali, na alipotaka kuendelea aliambiwa kwamba njia mbadala ipo. Njia ilikuwapo, ni kweli. Lakini mlango wa uani hauwi heshima kwa mtu aliyefungiwa mlango wa mbele. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana hao waweza kurudi katika shule za kawaida, nayo njia ya pili ikabaki kwa mwenye kuihitaji. Tangu hapo ndipo ilipokuwa hiari ya kweli. Unyumbufu ni neema kwa mtu aliye na uchaguzi. Kwa asiye na uchaguzi waweza kuwa jina la adabu la kutengwa.

Historia hii, kwa muhtasari, yatuonyesha mashahidi watatu wa elimu. Saa hushuhudia kwamba mtu alidumu, wala hazijui alijifunza nini. Mtihani hushuhudia alichojua siku ile, wala haujui kama atamaliza kazi atakayopewa. Kazi iliyoonekana hushuhudia uwezo wenyewe, lakini yahitaji jicho la mtu mwaminifu na mjuzi, na jicho hilo ni ghali. Hapana shahidi mmoja anayetosha, na kila nchi iliyomtegemea mmoja peke yake imepata hasara. Yaliyodumu ni yale yaliyokuwa na mtu karibu na mwanafunzi: msimamizi wa Benton Harbor, mwalimu wa kijiji cha Nebraska, sheikh aliyeweka jina lake katika ijaza.

Kwa hiyo wanaotunga leo njia mpya za masomo, kwa simu, kwa intaneti au kwa vituo vya jioni, wasianze kwa kuuliza chombo gani kitumike. Na waulize kwanza nani atamjua mwanafunzi, nani atatia sahihi, na kama mtu huyo atakuwa tayari kuaibika sahihi yake ikionekana ya uongo. Kibaba chaweza kujazwa nyumbani, jeshini, gerezani au mashineni. Mahali hapabadili nafaka. Lakini mnunuzi atakipokea kwa kuwa anamwamini aliyekipima, na siku imani hiyo itakapopotea, atakayerudi nyumbani mikono mitupu ni yule aliyekijaza kwa haki.